Ushahidi wa Malthake

Kijijini, siku ya nane ya mwezi wa kukamua zabibu

Mwanangu mpendwa Habroni,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba miaka hamsini na tisa si mchezo. Dada yako Filinna mzima, mumewe mzima, na yaya Malthake mzima kuliko sisi sote. Jana alimfukuza mbuzi wa jirani kwa ufagio hadi barabarani, na miaka yake sabini na kitu! Hofu yetu iko kwako huko kisiwani Lemno, kwenye shamba ambalo hata mmoja wetu hajaliona. Unakula? Ile homa imekuacha?

Zabibu mwaka huu zimekubali, mitungi imejaa. Habari iliyo midomoni mwa watu ni ya mjini. Mkutano Mkuu wa Athene umepitisha amri kwamba kila kijiji kifungue daftari lake la raia, kisome majina moja moja, na kila jina lipigiwe kura na wanakijiji wenyewe. Eti wageni wamejipenyeza. Atakayekataliwa anafutwa. Basi watu wameanza kutazamana kwa pembe ya jicho, na anayefaidi ni kinyozi, maana hakuna anayetoka kwake kabla ya mchana.

Mimi sina wasiwasi. Baba yangu alizama na merikebu za Athene mwaka ule tuliposhindwa vita. Mama yangu Khairipe alikufa siku aliyonizaa. Wote wawili watu wa hapahapa. Anayeninunia ni Nikodromo peke yake, tangu nilipokuwa mkuu wa kijiji nikamgawia shingo kwenye sadaka ya Herakle badala ya paja. Alichelewa, mapaja yakaisha, ningefanyaje? Mtu mzima kuweka kinyongo kwa ajili ya nyama!

Yaya anasema uvae soksi za sufu alizokufuma, hata kama wenzako wanakucheka.

Baba yako,
Antidoro


Lemno, siku ya ishirini na nne ya mwezi huohuo

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wote wa nyumbani. Mimi sijambo kabisa, homa nimeisahau. Soksi nazivaa, na wenzangu wananicheka kweli.

Nina jambo la kukufurahisha, kaa kitini kwanza. Nimechumbia. Binti anaitwa Lusila, baba yake ni Mwathene aliyepewa shamba hapa kabla yetu. Mzee mkali! Alinihoji kama hakimu: kijiji gani, ukoo gani, baba nani, mama nani, bibi nani. Nikamjibu yote bila kumeza mate. Mwishowe akacheka, akanimiminia divai. Tumekubaliana tuoane baada ya baridi, ukija wewe.

Sasa hiyo habari ya kura, baba, nakuomba kitu kimoja. Siku hiyo usimtanie mtu. Nakujua. Shamba langu nimelipata kwa sababu mimi ni raia, na Lusila nampata kwa sababu ya shamba. Jina lako likiguswa, la kwangu nalo limeguswa. Kaa kimya, pigiwa kura, rudi nyumbani.

Mwambie yaya nitakapokuja na mke amfundishe kila kitu, maana ndiye mama pekee niliyenaye.

Mwanao,
Habroni


Kijijini, siku ya kumi na tisa ya mwezi wa kuchuma zeituni

Mwanangu Habroni,

Salamu. Nakuombea afya, yangu usiniulize. Nimefurahi kwa Lusila, na ningekuandikia kurasa mbili za furaha kama mambo yangekuwa mengine.

Wamenifuta.

Nitakueleza ilivyokuwa. Jina langu lilisomwa la arobaini na moja. Nilikaa kimya kama ulivyoniomba, sikutania mtu. Nikodromo akasimama.

“Mama yake nani?” akauliza.

“Khairipe binti Filagro, wa kijiji hiki,” nikasema.

“Nani hapa aliyemwona huyo Khairipe? Asimame.”

Nani asimame? Mwaka niliozaliwa mji ulikuwa umezingirwa, watu walikula ngozi za viatu. Njaa ilimaliza ukoo mzima wa mama yangu. Waliokula harusi yake wamelala makaburini. Kisha akatoa la pili: kwamba mtoto halali huletwa kwa ndugu wa ukoo akiwa mchanga, mnyama akachinjwa, baba akaapa madhabahuni. Mimi nililetwa na amu yangu nina miaka mitatu. “Alikuja akitembea mwenyewe!” Nikodromo akasema. “Pengine alijua njia kutoka alikotoka!” Watu wakacheka, Habroni. Watu niliowagawia nyama. Nilipaza sauti kwamba mji ulipozingirwa hapakuwa na hata njiwa wa kuchinja, lakini kicheko kilikuwa kimeshaenea. Vijiwe vya kura vikahesabiwa: ishirini na vinne vyangu, thelathini na kimoja vya kunikataa. Walisema mama yangu alikuwa mjakazi wa kununuliwa.

Sheria unaijua. Nikinyamaza, nabaki hapa kama mgeni: sina ardhi, sina kauli, na Filinna anarudishwa na mumewe. Nikikata rufaa nikashinda mbele ya waamuzi mia tano na mmoja, jina linarudi. Nikishindwa nauzwa mnadani kama ng'ombe, na nyumba inachukuliwa na serikali. Nimekata rufaa. Nilikata siku ileile kabla hasira haijapoa.

Ushahidi wangu ni mmoja tu. Yaya Malthake alikuja nyumba hii pamoja na mama yangu, akitoka naye kwa babu Filagro. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tano. Alimshika mama mkono akifa, na mimi akanilisha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Anajua kila kitu. Lakini ni mjakazi, na mahakama zetu hazilipokei neno la mtumwa mpaka litoke kwa maumivu. Asimame aeleze kuanzia asubuhi hadi jua la utosi, hakuna atakayeliandika. Juzi Nikodromo alinifuata sokoni na mashahidi wanne.

“Antidoro, unaye yule bibi,” akasema. “Mtoe. Tumfunge kwenye gurudumu la mateso tumuulize. Akisema Khairipe alikuwa binti wa raia, mimi najitoa kwenye kesi mbele ya hawa.”

Nikasema nitamjibu. Nikikataa, atawaambia waamuzi kwamba naogopa ukweli. Nimewaza kumwacha yaya huru, maana akiwa huru hakuna wa kumgusa, lakini hapo watasema nimemficha shahidi, nami nitakuwa nimejifunga mwenyewe. Yaya hajui lolote. Jioni anaponiletea maji ya miguu siwezi kumtazama.

Nipe shauri, mwanangu. Kitakachopotea ni chako kuliko changu.

Baba yako,
Antidoro


Lemno, siku ya pili ya mwezi wa kupanda

Baba,

Salamu. Sijambo, lakini sijalala tangu barua yako ifike, basi nisamehe nikienda moja kwa moja.

Mtoe.

Najua utakunja uso. Ni mjakazi, baba. Tumempenda, tumemheshimu, lakini ni mjakazi, na sheria ndiyo hiyo, hatukuitunga sisi. Ni asubuhi moja tu. Atasema kweli, kwa sababu kweli ndiyo anayoijua, na watamfungua. Tutamtunza mpaka apone. Tutamwita tabibu wa mjini, gharama yangu.

Upande wa pili weka hesabu yako. Wewe mnadani. Filinna mlangoni kwako na mzigo kichwani, na mlango wenyewe si wako tena. Mimi nafukuzwa kisiwani. Baba yake Lusila ameshasikia, sijui kwa nani. Jana alinipita njiani bila salamu. Lusila hatolewi nje.

Umeomba shauri, hilo ndilo shauri langu. Mwanamke mmoja mzee hawezi kuzamisha nyumba nzima. Usichelewe, na usimwonee haya. Yeye mwenyewe angesema hivyohivyo.

Mwanao,
Habroni


Lemno, siku ya tisa ya mwezi wa kupanda

Baba yangu mpendwa,

Salamu, na naomba kwa Zeu kwamba barua hii iitangulie ile ya kwanza, ingawa najua haiwezekani. Upepo wa kaskazini unavuma vibaya, mabaharia wanaapa hawang'oi nanga. Nimempa nahodha divai, nikampa na koti langu. Anasema ataondoka bahari ikitulia, si kabla.

Usimtoe yaya. Kama umemtoa, mrudishe. Kama umekubali, kataa.

Juzi hapa mjini kulikuwa na kesi ya mpaka wa mashamba, na mtumwa wa mmoja wao alihojiwa kwenye gurudumu uwanjani. Nilikwenda kutazama. Nilikwenda kwa makusudi, nijiambie kwamba si kitu. Baba, yule mtu alisema kila alichoulizwa. Alikubali kwamba jiwe la mpaka lilisogezwa, halafu alipoulizwa na upande wa pili akakubali kwamba halikusogezwa. Mwishowe alimtaja mtu asiyekuwepo, na karani akaandika. Waliridhika! Walikunja karatasi zao wakaenda kula. Mimi nilibaki pale nikimtazama akifunguliwa, hawezi kukunja vidole.

Ni vidole vya yaya niliviona. Vile vinavyochambua mawe kwenye dengu. Nimeandika nini mimi? Nimemwandikia baba yangu amfunge mama yangu kwenye gurudumu ili nipate mke.

Mwache huru, baba. Tutakuwa wageni. Wageni wangapi wanaishi Athene na wanakula? Nitakuja tufanye kazi bandarini. Lakini yeye asiguswe, na asijue kamwe kwamba niliandika ile ya kwanza. Ichome.

Mwanao,
Habroni


Kijijini, siku ya kumi ya mwezi wa kupanda

Habroni,

Salamu. Barua yako ya kumtoa yaya imefika leo na merikebu ya ngano.

Niliichukua nikakaa uani, nikaisoma kwa sauti kama ninavyosoma kila barua, kama alivyonifundisha mwalimu na kama mnavyosoma nyote. Nani aliyewahi kusoma kwa macho tu? Nilifika kwenye maneno “ni mjakazi, baba”, nikasikia sinia la dengu likiwekwa chini nyuma ya mlango, taratibu kabisa. Nikaacha kusoma. Nilipoingia ndani yaya hakuwepo.

Sasa ni jioni. Filinna hajamwona, majirani hawajamwona. Shuka lake la kujitanda amelichukua. Kesi iko baada ya siku kumi na moja.

Nilikuwa nimeshakata shauri kumwacha huru, Habroni, nilikuwa natafuta mashahidi tu. Nakuandikia ili ujue hivyo, liwe liwalo.

Baba yako


Kijijini, siku ya ishirini na sita ya mwezi wa baridi kali

Mwanangu Habroni,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima wa mwili. Natumaini nawe u mzima, na kwamba baba yake Lusila sasa anakusalimu, maana hana tena sababu ya kukunyima salamu. Tumeshinda. Jina langu limeandikwa upya, chini yake na lako. Shamba ni lako, mke ni wako. Filinna yuko kwa mumewe na ananenepa. Nimeanza na hayo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Yaya alilala kwa mkunga wa kisimani. Asubuhi yake alikwenda sokoni. Niliitwa mbio na jirani, nikakimbia na mgongo wangu huu. Nilipofika watu walikuwa wamejaa, na yaya yuko katikati, mbele ya Nikodromo aliyekuwa amebeba samaki watatu kwenye kamba.

“Haya nimekuja,” yaya alikuwa akimwambia. “Gurudumu liko wapi?”

“Nenda nyumbani, bibi.”

“Niende nyumbani kufanya nini? Si unanitaka? Umenitangaza soko zima, leo nakuja mwenyewe unanikodolea macho! Nimekufuta kamasi wewe, Nikodromo, nguo yako ya kwanza nimeifua mimi. Niulize basi. Khairipe alikuwa binti wa Filagro, na mimi nilimbebea kikapu cha harusi. Nifunge nilirudie.”

Akaanza kufungua pini za gauni lake mabegani. Nikodromo akatazama huku na huku, akaniona.

“Mjakazi hajitoi mwenyewe,” akasema. “Mwenye mali ndiye anayetoa. Antidoro, unamtoa?”

Habroni, nilifungua kinywa niseme hapana. Naapa kwa kaburi la mama yako. Nilikuwa na neno lenyewe ulimini. Nikawaona wale thelathini na mmoja wamesimama wanangoja, nikawaza mnada, nikamwaza Filinna, nikakuwaza wewe na barua yako. Nikasema, “Namtoa.”

Nilisema kwa sauti, ikasikika hadi kwa wauza vyungu. Yaya hakugeuka. Alikuwa bado anahangaika na pini ya bega la kushoto, vidole vimekakamaa, haifunguki.

Nikodromo akawa mweupe. Alikuwa anatisha tu, mwanangu. Hakutaka yaya aulizwe, alitaka mimi nikatae. Akaanza kusema bibi wa umri huu atakata roho kabla ya swali la pili, kisha yeye adaiwe. Muuza vyungu akapiga kelele, “Wewe si ndiye uliyemtaka?” Soko likaangua kicheko, safari hii kwake. Akaondoka na samaki wake, mmoja akamdondoka, hakumwokota.

Mahakamani sikuhitaji ufasaha. Niliwaambia waamuzi: alimtaka shahidi, nikampa shahidi, akamkimbia. Mashahidi wa sokoni wakathibitisha. Maji ya kupimia muda wangu hayakufika nusu. Kura zao sikuzihesabu, nilisikia tu watu wakinipiga mgongoni.

Siku iliyofuata nilimwacha yaya huru mbele ya mashahidi sita. Akashukuru vizuri, kwa adabu, kama mtu anayeshukuru mgeni. Kisha akafunga magauni yake mawili, kitana na chungu kimoja.

“Yaya, unakwenda wapi? Hapa ni kwako,” nikamwambia.

“Kwa mkunga. Anahitaji mtu wa kumshikia taa.”

“Nimekukosea, nisamehe. Lakini si hukuguswa? Wewe mwenyewe ulijitoa!”

“Nikodromo nilijua hathubutu,” akasema. “Namjua tangu anatambaa, ni mwoga. Nilidhani na wewe nakujua.”

Akaenda. Nililia, Habroni, nakuambia waziwazi, mzee mzima nililia kama siku ya msiba. Ni zaidi ya mwezi sasa. Tukikutana njiani ananisalimu, ananiuliza habari za mgongo, anapita.

Barua yako ya pili ilinifikia jana. Imelala bandarini muda wote huo, na chumvi imekula pembe zake. Nilipoisoma sikuichoma ile ya kwanza, ningeichoma ya nini wakati maneno yameshasikika? Nilichukua ya pili nikaenda nayo kwa mkunga. Yaya alikuwa mlangoni anasokota sufu. Hakunikaribisha ndani, ila hakunifukuza pia. Nikasimama pale baridini nikamsomea yote kwa sauti, la mtumwa wa Lemno, la vidole, la gurudumu na la kupata mke. Penye “mama yangu” nilisoma mara mbili.

Aliacha kusokota akanisikiliza hadi mwisho. Nikafurahi, nikaona uso wake umelainika, nikadhani sasa atasema neno la kukuletea. Akaniuliza, “Na ile ya kwanza aliiandika nani?”

Kama wewe unalo jibu, liandike, nitampelekea.

Baba yako,
Antidoro